Kifua Kimebana, Umeme wa Moyo Uko Sawa: Picha Ipi Inafuata?

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba maumivu ya kifua yanayobana, yanayodumu zaidi ya dakika 10 na kuambatana na jasho au kuishiwa pumzi, ni safari ya hospitali usiku huo huo, si jambo la kusubiri kupambazuke. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zilizunguka swali moja: ikiwa siku hizi zipo mashine zinazoupiga moyo picha bila kumpasua mtu wala kumpitishia mrija ndani ya mshipa, kwa nini kila anayefika na kifua kinachobana asiingizwe kwenye mashine hizo mara moja? Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba karibu yote yaliyoulizwa katika zile nyingine.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 52, ni mwalimu, ana presha, na aliacha sigara miaka mitatu iliyopita. Mwezi uliopita, akiwa anasahihisha madaftari usiku, kifua kilimbana, akatoka jasho jembamba na mkono wa kushoto ukawa mzito kwa kama nusu saa. Tulifika hospitali baada ya saa moja hivi, maumivu yakiwa yamekwisha. Alipimwa umeme wa moyo, akatolewa damu mara moja, tukaambiwa moyo hauna tatizo, huenda ni vidonda vya tumbo. Baada ya wiki moja tulikwenda wenyewe kupiga EKO, na majibu yakaandikwa kuwa moyo ni wa kawaida. Sasa kaka yangu aliyeko Nairobi anashauri apigwe CT ya moyo. Je, EKO haikutosha? Na kama CT ndiyo bora, kwa nini hakupigwa usiku ule ule?
*Mke wa mwalimu, Tanga*

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na lililo la haraka: mumeo aonwe na daktari wa moyo wiki hii hii, akiwa na karatasi zake zote mkononi, na maumivu yale yakirudi, hata kwa dakika chache, msisubiri miadi bali nendeni idara ya dharura. Nasema hivyo kwa sababu uliyoyaeleza, yaani kifua kubana, jasho jembamba na mkono kuwa mzito, ni maelezo ya ugonjwa wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Vidonda vya tumbo vimebebeshwa lawama nyingi zisizo zao katika nchi zetu.

Tunaposhuku kwamba mtu ana shambulio la moyo, tunashuku jambo moja mahususi: mafuta yaliyojijenga kwa miaka mingi ndani ya ukuta wa mshipa unaoulisha moyo yamechanika utando wake, na damu imeganda juu ya mchaniko huo. Bonge hilo laweza kuziba mshipa wote, laweza kuuziba nusu, na laweza kuyeyuka kidogo kisha likajijenga upya, ndiyo maana maumivu huja na kuondoka. Mgonjwa wa namna hii akifika, hatua ya kwanza si picha bali ni kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho kinatakiwa kiwe kimefanyika na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Mistari ikionyesha kwamba mshipa umezibwa kabisa, hakuna picha ya kusubiri: mgonjwa anakwenda kuzibuliwa mshipa kwa mrija au anapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kuwa dakika zinazotumika kutafuta kipimo cha ziada zinalipwa kwa misuli ya moyo inayokufa. Mistari ikiwa ya kawaida, kama ilivyokuwa kwa mumeo, bado haimpi mtu ruhusa ya kurudi nyumbani, kwa sababu inaeleza hali ya zile sekunde 10 tu ambazo kipimo kilikuwa kikichukuliwa, na maumivu yake wakati huo yalikuwa yamekwisha.

Hatua ya pili ni damu. Troponini ni protini inayokaa ndani ya chembe za misuli ya moyo, nayo huvujia kwenye damu chembe hizo zinapoumia au kufa. Lakini huchukua saa kadhaa kufikia kiwango kinachoonekana, na damu iliyotolewa saa moja na nusu tangu maumivu yaanze inaweza kuwa safi kabisa kwa mtu ambaye moyo wake umeumia. Ndiyo maana troponini hupimwa mara mbili. Palipo na kipimo kipya chenye uwezo wa kuona kiasi kidogo sana, damu ya pili hutolewa baada ya saa 1, 2 au 3. Palipo na kipimo cha zamani, ni salama zaidi kusubiri saa 6. Kwa hiyo, dada yangu, kilichokosekana usiku ule hakikuwa mashine ya CT. Ilikosekana chupa ya pili ya damu, na hilo ni jambo linalowezekana hata katika hospitali isiyo na mashine yoyote ya picha.

Sasa tuje kwenye EKO. Ni ultrasaundi ya moyo, ileile inayomwangalia mtoto tumboni, na historia yake ilianzia mji wa Lund, Uswidi, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipoutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Ninapokiweka kile kifaa chenye jeli kati ya mbavu na kuukata moyo kwa upana, naona kwenye skrini duara la kijivu linalojivuta kuelekea katikati kila moyo unapopiga, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, na ukuta wake unanenepa kila unapojivuta. Mshipa mmoja ukiwa umeziba, robo ya duara hilo inabaki imesimama huku sehemu nyingine zikiendelea kuvuta. Ukuta huanza kulegea sekunde chache tu baada ya damu kupungua, kabla mistari ya umeme haijabadilika na kabla mgonjwa hajahisi maumivu yoyote. Ni picha ya thamani kubwa, lakini thamani yake hutegemea saa iliyopigwa. EKO iliyopigwa mtu akiwa bado anaumia, ikaonyesha kuta zote zinavuta sawasawa, inatia moyo sana. EKO iliyopigwa wiki moja baadaye inajibu swali jingine: kama shambulio liliacha kovu kubwa au liliidhoofisha nguvu ya moyo. Kwa mumeo imejibu kwamba halikuacha, na hiyo ni habari njema ya kweli. Haikusema, wala haiwezi kusema, mishipa inayoulisha moyo ikoje, kwa sababu EKO ya kawaida huangalia misuli na vali. Ile mishipa myembamba inayoupitia moyo kwa nje haioni kwa kiwango cha kuamulia jambo.

Ipo picha moja inayoweza kuihifadhi hali ya moyo ya wakati wa maumivu, nayo inatumia chembechembe za mionzi, hasa teknishiamu, ambayo nusu yake huisha kila baada ya saa 6. Mgonjwa anadungwa akiwa anaumia. Dawa inanasa kwenye misuli ya moyo kwa kadiri damu inavyopita dakika ile, na hata akipigwa picha baadaye, maumivu yakiwa yametulia, bado sehemu iliyokosa damu inaonekana hafifu. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 2,475, ulionyesha kwamba kwa njia hii watu waliolazwa bila sababu walipungua kutoka asilimia 52 hadi 42. Ni ufundi mzuri, lakini unahitaji dawa yenye mionzi iwe tayari mchana na usiku, na kwetu jambo hilo ni gumu.

CT, yaani picha ya eksirei inayopigwa kwa kuuzunguka mwili, ndiyo inayoiona mishipa yenyewe. Dawa yenye iodini hudungwa mkononi, nayo inapopita kwenye mishipa ya moyo mashine huizunguka kifua na kuchora ramani yake: ipi ni myembamba, ipi ina mafuta ukutani, ipi imeota chokaa. Nguvu yake kubwa ni kukanusha. Mishipa ikionekana safi, uwezekano kwamba maumivu yale yalitokana na mshipa kuziba ni mdogo sana. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uitwao ROMICAT-II, wa wagonjwa 1,000 katika hospitali 9, waliofika dharura na maumivu ya kifua huku umeme wa moyo na troponini ya kwanza havikuonyesha shambulio. Waliopigwa CT mapema, asilimia 47 waliruhusiwa moja kwa moja kutoka idara ya dharura, wakati kwa waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida waliruhusiwa hivyo asilimia 12 tu. Ukisoma hapo tu, utaungana na kaka yako: kila mtu apigwe CT.

Nami nilikuwa na mawazo hayo kwa miaka kadhaa. Yaliyonibadilisha ni mawili. La kwanza ni troponini mpya, ambayo imechukua sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na picha, kwa kuwa inaweza kumruhusu mtu salama ndani ya saa chache bila mionzi wala dawa ya iodini. La pili ni utafiti wa Uingereza uitwao RAPID-CTCA, uliochapishwa mwaka 2021, wa wagonjwa 1,748 katika hospitali 37, ambao hatari yao ilikuwa ya wastani na wote tayari walikuwa na dalili kwenye umeme au damu, au historia ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kupata shambulio walikuwa asilimia 5.8 kati ya waliopigwa CT mapema na asilimia 6.1 kati ya wasiopigwa, yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Mwongozo wa mabingwa wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2023 ukafuata njia hiyo: CT ya mapema isiwe desturi kwa kila anayeshukiwa, bali ifikiriwe kwa yule ambaye umeme wake hauna mabadiliko, troponini haijapanda au haieleweki, na maumivu hayajarudi, lakini shaka bado ipo.

Mumeo anaingia hapo hapo. Madaktari hutumia hesabu iliyoanzia Uholanzi yenye vipengele vitano, yaani maelezo ya maumivu, umeme wa moyo, umri, vihatarishi na troponini, na kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2. Kwa barua yako nampa 2 kwa maelezo, 1 kwa umri, 1 kwa presha, na 0 kwa umeme na kwa troponini, ingawa hiyo ya mwisho nampa kwa shingo upande kwa kuwa ilipimwa mara moja. Jumla ni 4. Alama 0 hadi 3 ni hatari ndogo, 4 hadi 6 ni ya kati, na watu wa kati ndio wanaofaidika na picha. Kwa hiyo ndiyo, CT ya mishipa ya moyo ni ushauri wa busara kwake, au EKO inayopigwa huku moyo ukichochewa kwa mazoezi au dawa, lakini iagizwe na daktari atakayeisoma pamoja na hayo mengine. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: kama mashine ina uwezo wa kupiga vipande 64 au zaidi vya picha kwa mzunguko mmoja na inafuata mapigo ya moyo, na kama yupo mtu aliyefunzwa kusoma mishipa ya moyo. Mashine inayotosha kabisa kwa kichwa na tumbo inaweza isitoshe kwa kiungo kisichotulia hata sekunde moja. Na mkikuta mshipa umepungua nusu, msishtuke wala msidai stenti, kile kibomba cha kuushikilia mshipa uwe wazi, siku hiyo hiyo, kwa kuwa CT huonyesha umbo la mshipa tu, haionyeshi moja kwa moja kama misuli iliyo mbele yake inakosa damu.

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Nina miaka 67, nina kisukari na pumu kidogo. Nililazwa siku mbili kwa maumivu ya kifua, damu ikapimwa mara mbili ikawa salama, nikaambiwa nirudi kupigwa CT ya mishipa ya moyo. Jirani yangu anasema ile dawa wanayodunga inaua figo, na kwa kuwa nikila kamba wa baharini hutokwa na vipele, nisikubali kabisa. Pia naogopa mionzi. Nifanyeje?
*Mzee wa Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wangu, na shikamoo. Hao kamba hawana hatia katika jambo hili. Mwili unaokataa kamba unakataa protini ya kamba, si iodini, na mtu wa namna hiyo hazuiwi kudungwa dawa ya CT. Anayepaswa kusema mapema ni yule aliyewahi kudhurika na dawa yenyewe ya picha.

Kuhusu figo, jirani yako ana chembe ya ukweli aliyoikuza. Figo zikiwa nzima, hatari ni ndogo sana. Zikiwa tayari zimechoka, jambo linalowezekana kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, daktari hupima kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na kupima faida dhidi ya madhara. Ukiwa unatumia metifomini, ile dawa ya kisukari, sema, kwa sababu figo zikiwa dhaifu utaambiwa uiache kwa saa 48 kisha upimwe tena. Mionzi ya CT ya kisasa ya moyo mara nyingi huwa kati ya milisivati 2 na 5, kizio cha kupimia mionzi. Kila binadamu hupokea kwa wastani milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula bila kuingia hospitali yoyote, kwa hiyo katika umri wako, ukiwa na sababu ya kupimwa, mionzi hiyo isikuzuie.

Siku ya kipimo utaambiwa usinywe kahawa wala chai asubuhi, kwa kuwa mashine inataka moyo upige taratibu, ikiwezekana chini ya mara 65 kwa dakika. Wengi hupewa dawa ya kupunguza mapigo. Wewe lazima uwaambie kuhusu pumu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hubana njia ya hewa, na mbadala upo. Utawekewa pia kidonge au dawa ya kupuliza chini ya ulimi ili mishipa itanuke. Hapa nitasema bila kuona haya, maana wazee wangu wengi hulificha: kama umetumia dawa ya kuongeza nguvu za kiume siku hiyo au siku mbili zilizotangulia, sema, kwa sababu zikikutana na hiyo ya chini ya ulimi presha inaweza kuanguka vibaya. Hata zile za mitishamba zisizo na lebo zitaje, kwani baadhi yake zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa ileile ya dukani. Kisha utalala chali, mikono juu ya kichwa, utaambiwa uvute pumzi na kuizuia kwa sekunde kama 10, na dawa itakapoingia utahisi joto likishuka kutoka kooni hadi kinenani. Wengi hudhani wamejikojolea. Hawajajikojolea.

Lipo jambo moja ambalo ningependa umuulize daktari wako kabla. Kwa mwenye umri na kisukari kama wewe, mishipa mara nyingi ina chokaa nyingi, na chokaa hung'aa kwenye CT hata ikaufanya mshipa uonekane umebanwa kuliko ulivyo, au usisomeke kabisa. Pengine EKO ya kuchochea moyo kwa dawa ya dobutamini itampa jibu safi zaidi, nayo haina mionzi wala iodini. Ile picha ya mionzi inayotumia adenosini, dawa ya kutanua mishipa ya moyo, ndiyo isiyofaa mwenye pumu inayokoroma.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 58. Siku tatu baada ya kumzika kaka yangu nilipata maumivu makali ya kifua. Troponini ilipanda, EKO ikaonyesha ncha ya moyo haikazi, nikapelekwa haraka kuingizwa mrija, na mishipa ikakutwa iko wazi. Sasa ninaambiwa nifanyiwe MRI ya moyo. Je, walikosea kuniingiza mrija? Na MRI itaona nini ambacho vyote hivyo havikuona?
*Mama wa Mombasa*

JIBU: Pole sana kwa msiba, mama, Mungu amrehemu marehemu. Hawakukosea. Kwa dalili, damu na EKO kama hizo, kuacha kuiangalia mishipa kwa mrija lingekuwa kosa, kwa sababu hapakuwa na namna ya kujua kwa hakika kabla ya kuangalia.

Troponini hueleza kwamba misuli ya moyo imeumia, haielezi nani aliyeiumiza. Yaweza kuwa bonge la damu lililoziba kisha likayeyuka, yaweza kuwa uvimbe wa misuli ya moyo unaosababishwa na virusi, na kwa mama wa umri wako aliyetoka msibani yaweza kuwa hali ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990 na kuiita takotsubo. Neno hilo ni jina la mtungi wa kutegea pweza. Sisi wa pwani pweza tunamchokoa mwambani kwa mti. Wao humshushia mtungi wenye shingo nyembamba na tumbo pana, akaingia mwenyewe. Moyo uliopigwa na huzuni au hofu kubwa huchukua umbo hilo: shingo inakaza, ncha imevimba na kulegea. Wengi hupata nafuu katika siku au wiki chache na moyo ukarudia umbo lake, ingawa siku za mwanzo si za kupuuza.

MRI inatofautisha hayo matatu kwa namna ambayo mashine nyingine haiwezi. Haitumii mionzi bali sumaku, na baada ya kudungwa dawa ya gadolinia, sehemu ya misuli iliyokufa hung'aa nyeupe ndani ya misuli iliyo nyeusi. Msomaji anachotazama ni mahali weupe ulipokaa. Shambulio la mshipa huanzia tabaka la ndani la ukuta na kuelekea nje, likifuata eneo la mshipa mmoja. Uvimbe wa virusi hupenda tabaka la nje au la katikati, mara nyingi kwa mabakamabaka. Na kwa takotsubo kwa kawaida hakuna weupe wa kovu, kuna maji ya uvimbe kwenye misuli isiyokaza. Majibu hayo yanabadilisha matibabu, kwa mfano kama utahitaji aspirini na dawa za kupunguza mafuta kwenye damu kwa maisha yako yote au la.

Kifanyike ndani ya wiki mbili hivi, kabla alama hazijafifia. Utalala kwenye pango lenye kelele kwa muda wa kama dakika 45 hadi saa moja, ukiagizwa kuzuia pumzi mara kwa mara. Mwambie mtaalamu kama una chuma mwilini, betri ya moyo, au woga wa mahali pembamba. Kwa urefu huo, MRI si picha ya usiku wa dharura.

SWALI: Daktari, niko Muscat, nina miaka 41. Mwaka jana kazini walitupima afya, nikapigwa CT ya chokaa ya moyo na majibu yakawa sifuri. Wiki mbili hizi nikipanda ngazi kifua kinabana na kuachia. Kwa kuwa chokaa ni sifuri, naweza kusema si moyo?
*Mzanzibari wa Muscat*

JIBU: Huwezi, ndugu yangu. Kipimo hicho, ambacho hesabu yake ilibuniwa na Agatston na wenzake mwaka 1990, huhesabu chokaa tu, na chokaa ni alama ya mafuta yaliyozeeka na kugumu. Kwa mtu asiye na dalili, sifuri ni habari njema ya miaka kadhaa. Lakini kwa mtu wa miaka 41 anayevuta sigara au mwenye kisukari, mafuta laini yasiyo na chokaa yanaweza kuwepo na kuchanika. Maumivu mapya yanayokuja kwa ngazi chache, tena yameanza wiki mbili tu zilizopita, ni dalili ya kupelekwa hospitali leo, ukapimwe umeme na troponini, kisha mishipa iangaliwe kwa dawa ya iodini au moyo uchochewe. Karatasi ya mwaka jana ibebe, ila isikurudishe nyumbani.

SWALI: Mheshimiwa daktari, mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tuna mashine ya umeme wa moyo na ultrasaundi ya wajawazito. CT iko mkoani, bingwa wa moyo yuko mbali zaidi. Mgonjwa wa kifua akija usiku, hiyo ultrasaundi inaweza kunisaidia?
*Tabibu, Nyanda za Juu Kusini*

JIBU: Mwenzangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu wagonjwa wengi wa nchi hii hufikia kwanza mlangoni kwako kabla ya kwangu. Utafiti uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya rufaa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 uliwachunguza watu wazima 681 waliofika na maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi. 152 kati yao walikuwa na shambulio la moyo, na waliotambuliwa hivyo na idara yenyewe siku ile walikuwa wachache mno. Kwa hiyo lililo kubwa kwako ni kulifikiria.

Ultrasaundi yako inafaa, kwa mipaka. Kifaa kile cha tumbo kiweke chini ya kidari, kielekeze bega la kushoto, umwombe mgonjwa akunje magoti na kuvuta pumzi. Utaweza kuona kama kuna maji yamezunguka moyo, kama moyo kwa ujumla unakaza au umechoka, na kama upande wa kulia umevimba kuliko kushoto, jambo linalokufanya ufikirie bonge la damu mapafuni. Usijaribu kutafuta kipande kidogo cha ukuta kisichokaza, kwa maana hata mabingwa hukosana hapo. Ukiona tatizo, imekusaidia. Usipoliona, haijakanusha chochote, na isikucheleweshe.

Umeme wa moyo upime ndani ya dakika 10, na kama ni wa kawaida huku maumivu yanaendelea, upime tena kila baada ya dakika 15 hadi 30 kwa saa la kwanza. Aspirini miligramu 300 atafune, isipokuwa kama inamdhuru au unashuku mshipa mkuu umechanika, yaani maumivu ya kuchana yanayokwenda mgongoni na presha inayotofautiana sana mkono kwa mkono. Mistari ikionyesha mshipa umezibwa kabisa, piga simu kabla ya kutafuta gari: ikiwa hawezi kufikishwa na kuzibuliwa kwa mrija ndani ya dakika 120, swali linakuwa ni nani aliye karibu mwenye dawa ya kuyeyusha damu, na picha yoyote inasubiri. Ikiwa mistari ni ya kawaida na maumivu yamekwisha, mbakize apimwe troponini ya pili.

Wenzako wengi hutuma picha ya karatasi ya umeme kwa WhatsApp kwenda kwa bingwa, na ni jambo jema, mradi jina la mgonjwa limefunikwa. Ninachoomba ni kimoja: kabla ya kuipiga picha karatasi hiyo, andika juu yake kwa kalamu saa maumivu yalipoanza, saa yalipokwisha kama yamekwisha, na saa kipimo kilipochukuliwa. Nimepokea karatasi nyingi safi zisizo na saa, na zote zilinilazimu kuanza upya, kwa sababu bila saa hizo sijui kama damu yake ilitolewa mapema mno, wala kama EKO nitakayompiga inaangalia moyo ulio katikati ya shambulio au uliokwisha kutulia.